Pombe hanywi, homa ya ini hana, na bado ini limesinyaa: sababu itafutwe wapi?

Swali: Daktari, mama yangu ana miaka 63 na hajawahi kuonja pombe. Tumbo lilianza kujaa maji, akapimwa, tukaambiwa ana sirosisi, yaani ini limejaa makovu na kusinyaa. Vipimo vya homa ya ini B na C havikuonyesha kitu, na kwenye cheti wameandika "sababu haijulikani". Daktari mwingine anasema chanzo ni kisukari na unene wa zamani. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mama sasa ni mwembamba, ana kilo 61. Ultrasaundi haikuonyesha mafuta kwenye ini. Presha yake iko chini, na sukari imeshuka mpaka wakampunguzia dawa. Majibu ya damu: vimeng'enya vya ini AST 48 na ALT 31, chembe sahani (zile za kugandisha damu) 98. Nimepata pia kadi yake ya kliniki ya kisukari ya miaka 10 iliyopita: kilo 91, urefu sentimita 158, presha 150/95, AST 44, ALT 62, chembe sahani 190. Je, huyo daktari wa pili yuko sahihi? Na sisi watoto tuogope?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Daktari wa pili ana hoja nzito. Mambo manne uliyoyataja kumpinga, yaani wembamba, ini lisilo na mafuta, presha ya chini na sukari iliyoshuka, hayamwangushi hata kidogo, kwa sababu yote manne huletwa na sirosisi yenyewe ikishakomaa. Ugonjwa huu hufuta nyayo zake. Anayemwona mgonjwa leo kwa mara ya kwanza hana pa kushika, ndiyo maana anaandika kwamba sababu haijulikani.

Tuangalie kwanza mafuta yanavyoingia kwenye ini. Mtu mwenye kitambi na mwili uliokuwa sugu kwa insulini hupoteza breki moja muhimu: insulini haiwezi tena kuzuia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yasimwagike kwenye damu. Yanamwagika usiku na mchana, na ini ndilo linaloyapokea kwa wingi. Wakati huohuo ini lenyewe linatengeneza mafuta mapya kutokana na sukari ya ziada. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, ini lina mafuta lakini halina vurugu. Kwa wengine mafuta hayo yanageuka sumu kwa seli za ini. Seli zinavimba, nyingine zinakufa, uvimbe unawaka taratibu, na seli zinazotengeneza makovu zinaamka. Makovu hupimwa kwa hatua, kuanzia sufuri hadi 4, na ya 4 ndiyo sirosisi. Kwa wenye uvimbe wa namna hii, kupanda hatua moja huchukua wastani wa miaka 7 hivi, ingawa wapo wanaokimbia zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi na tatizo hili miaka 20 bila kuumwa popote.

Sasa, makovu yakishatawala, mafuta huondoka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula na insulini hupita kwenye ini kupitia mishipa midogo yenye kuta zilizotobokatoboka, na ni kupitia vitundu hivyo seli za ini hupokea mzigo. Kwenye sirosisi vitundu vinaziba. Juu ya hapo, kwa kuwa ini limekuwa gumu, damu nyingi inatafuta njia za pembeni na kulikwepa kabisa. Ini halipati tena insulini nyingi wala mafuta mengi. Mwili nao unaanza kujila, misuli na mafuta vikipungua kwa pamoja. Ukichukua kipande cha ini hilo na kukiangalia kwa darubini, unaweza kukuta makovu matupu bila tone la mafuta. Ultrasaundi ndiyo kabisa, maana hata kwenye ini zima huanza kuona mafuta pale tu yanapofikia karibu robo ya ini.

Tulilijua hili polepole. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa 20 ambao maini yao chini ya darubini yalifanana na ya walevi ilhali hawakuwa wanywaji. Wengi walikuwa wanene, na wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1990 kundi la Brisbane, Australia, lililofuatilia wagonjwa 42 wa aina hiyo kwa miaka mingi, liliona jambo la ajabu: waliofikia sirosisi walikuwa wakipoteza yale mafuta yaliyotumika kuwatambua. Kisha mwaka 1999 Stephen Caldwell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia wakawaangalia wagonjwa 70 waliobandikwa lebo ya "sirosisi isiyojulikana sababu". Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, asilimia 70 walikuwa wanawake, na asilimia 73 walikuwa na historia ya unene, kisukari, au vyote viwili. Ukisoma takwimu hizo utadhani wanamweleza mama yako. Mwaka uliofuata watafiti wengine walilinganisha wagonjwa wa namna hii na wagonjwa wa sirosisi yenye sababu nyingine, wakakuta kisukari na unene kwa wale wa kwanza ni mara mbili hivi.

Ushahidi mwingine, ambao mimi huuona mzito kuliko takwimu, unatoka kwa waliopandikizwa ini jipya. Baadhi ya waliopandikizwa kwa sababu ya sirosisi "isiyojulikana" hujaza mafuta kwenye ini hilo jipya. Ini limebadilishwa, mwili ni uleule.

Huo mwili ndio tunaouita wenye sindromu ya umetaboli, yaani hitilafu katika namna mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Haina kipimo chake kimoja. Ni mkusanyiko wa mambo matano, na mtu akiwa na matatu kati ya hayo anahesabiwa kuwa nayo: kiuno kipana (kwa kigezo kimoja kinachotumika sana, zaidi ya sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume), trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) za 1.7 au zaidi, lehemu nzuri iliyo chini ya 1.3 kwa mwanamke au 1.03 kwa mwanaume, presha ya 130/85 au zaidi, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 5.6 au zaidi. Anayetumia dawa za presha au kisukari anahesabiwa hata kama leo namba zake ni nzuri. Watu wengi husahau sharti hili la mwisho.

Angalia sasa sirosisi inavyoichakachua orodha hiyo. Presha hushuka kwa sababu mishipa ya tumboni hutanuka na damu kutuama huko, na dawa za kupunguza maji huishusha zaidi. Lehemu na mafuta ya damu hupungua kwa kuwa ini ndilo kiwanda chake, na kiwanda kimechoka. Sukari hushuka kwa sababu ini haliweki tena akiba ya kutosha ya kutumia usiku, wala haliondoi insulini kwenye damu kwa kasi ya zamani. Kisukari "kinachopona chenyewe" kwa mtu mwenye ini bovu si habari njema. Nimeona familia zikishangilia, na nawaelewa, lakini si ya kushangilia. Uzito nao hudanganya pande zote mbili: misuli imekwisha, halafu maji ya tumboni yanaongeza kilo. Hizo 61 za mama, ukitoa maji, huenda ni pungufu kabisa.

Ndiyo maana kadi yako ya zamani ina thamani kuliko ultrasaundi ya jana. Kilo 91 kwa urefu wa sentimita 158 ni uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 36 na ushei, na unene huanzia 30. Presha 150/95, na alikuwa kliniki ya kisukari. Tayari hayo ni matatu, ikiwa kiuno chake kililingana na uzito huo, na sioni kingekuwaje kinyume. Halafu soma vimeng'enya vya ini. Miaka 10 iliyopita ALT (62) ilikuwa juu ya AST (44), sura ya kawaida ya ini lenye mafuta na uvimbe. Leo zimegeuka, AST 48 iko juu ya ALT 31. Mtu asiyezoea ataona ALT 31 aseme "hii imerudi kawaida". Haijarudi. Ini lina seli chache zaidi za kuivujisha, na kugeuka huko ni tabia ya makovu mengi.

Kuna hesabu inaitwa FIB-4 ambayo unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Chini ya 1.3, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67, yanatiliwa shaka sana. Ya mama leo inafika 5.5. Kwa namba za kadi ya zamani, akiwa na miaka 53, ilikuwa 1.56. Tayari ilikuwa imevuka mstari wa kwanza, na mtu mwenye matokeo hayo anastahili kupimwa ugumu wa ini. Simlaumu aliyemhudumia siku ile. Wengi hawakuwa wakiifanya hesabu hii kwenye kliniki za kisukari, na bado wengi hawaifanyi, jambo linalonikera kwa sababu namba zote huwa zimelala pale pale kwenye fomu. Chembe sahani kutoka 190 hadi 98 ni alama nyingine: wengu umevimba kwa shinikizo la damu iliyokosa njia ya kupita kwenye ini, na unazinasa.

Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vilibadilisha jina la ugonjwa huu ili litaje umetaboli badala ya kusema tu kwamba mgonjwa si mlevi. Kwa mama yako, lililo muhimu ni kwamba makubaliano hayo yanakiri kuwa mafuta yanaweza kutoweka kwenye sirosisi, na kwamba hapo daktari atumie busara: aangalie vihatarishi vya umetaboli, vya sasa na vya zamani, na ahakikishe sababu nyingine zimeondolewa.

Hapo kwenye "zimeondolewa" nataka tukae kidogo, maana kosa la upande wa pili lipo pia. Ni rahisi kumwona mtu mwenye kisukari ukafunga faili. Kwanza, sirosisi yenyewe huzaa kisukari. Ini likiharibika kwa sababu yoyote, mwili huwa sugu kwa insulini, na sukari hupanda. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kipi kilitangulia. Kwa mama, kisukari na unene vilikuwepo miaka 10 kabla, chembe sahani zikiwa bado 190. Mpangilio huo unaunga mkono hoja ya daktari wa pili. Angekuwa amegundulika kisukari mwaka jana, ningekuwa mgumu kukubali.

Pili, kuna magonjwa mawili ambayo ningetaka yatafutwe kwa bidii kwa sababu yana dawa. Moja ni homa ya ini ya kinga, ambapo kinga ya mwili hushambulia ini. Huwapata zaidi wanawake, na ikishafika kwenye sirosisi inaweza kuwa imetulia kiasi cha kutoonekana kirahisi. Waombe wapime kingamwili zake pamoja na kiwango cha imunoglobulini G. La pili ni virusi vya homa ya ini B vilivyojificha. Kipimo cha haraka kinachofanywa na wengi hutafuta ganda la kirusi tu. Kikiwa hasi, bado inafaa kupima kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, na ikiwa ipo, kutafuta DNA ya kirusi kwenye damu. Uliza kama vipimo "visivyoonyesha kitu" vilifika huko.

Yaliyobaki nayapitia haraka: madini ya chuma yaliyozidi mwilini, magonjwa ya njia za nyongo, matatizo ya moyo yanayolisonga ini, dawa zilizotumiwa miaka mingi kama methotreksati na amiodaroni, na kichocho, ambacho hupandisha shinikizo kwenye mishipa ya ini bila kuleta sirosisi halisi. Maji ya tumboni yakitolewa kidogo na kupimwa albumini na protini, husaidia kutofautisha moyo na ini. Kunyofoa kipande cha ini si lazima kwa kila mtu, na chembe sahani zikiwa 98 na maji yapo tumboni, ningekifanya tu kama jibu litabadilisha tiba. Yakitoka yote hayo bila kitu, ningeandika kwenye cheti "sirosisi, chanzo kinachoelekea zaidi ni umetaboli", na ningefuta lile neno "haijulikani".

Utaniuliza, jina likibadilika mama anafaidika nini? Kwanza, kunyimwa chakula. Mara familia zinaposikia "unene", huanza kumpunguzia mgonjwa sahani. Kwa mama yako hilo sasa ni hatari. Mwenye sirosisi iliyokwisha kuleta maji tumboni hapunguzwi uzito. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake usio na maji, kila siku, na kitu cha kula kabla ya kulala, ili usiku ini lisije likala misuli. Ushauri wa zamani wa kuwanyima wagonjwa wa ini protini umeshaachwa. Kinachopunguzwa ni chumvi, isizidi gramu 5 hivi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kopo na pakiti.

Pili, namna ya kufuatilia kisukari. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, hudanganya kwenye sirosisi kwa kuwa chembe nyekundu za damu haziishi muda wake wote. Inaweza kuonyesha nzuri sana ilhali sukari inapanda na kushuka. Mtumie kipimo cha kidole nyumbani, hasa asubuhi na kabla ya kulala. Vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini ni vya kuogopwa kwa sasa kwa sababu ya hatari ya kuishiwa sukari usiku. Metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ni ya kujadiliwa na daktari wake kulingana na figo na hali ya ini. Msiiache wala msiiendeleze kwa uamuzi wenu.

Tatu, vinavyofuatiliwa kwa kila mwenye sirosisi, chanzo chochote kile. Ultrasaundi kila baada ya miezi 6 kutafuta saratani ya ini mapema. Endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni, kuangalia kama mishipa ya koo la chakula imetuna, na kama imetuna, dawa au kufungwa kabla haijapasuka. Akitapika damu, akiharisha choo cheusi kama lami, akipata homa na maumivu ya tumbo, au akianza kuchanganyikiwa na kulala mchana kukesha usiku, ni hospitali siku hiyohiyo. Dawa za maumivu jamii ya diklofenaki na ibuprofeni asizitumie. Parasetamoli anaweza, isizidi gramu 2 kwa siku. Na zile dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa kwa maneno matamu ziacheni zilipo. Kwa kuwa maji yamekwisha kujaa tumboni, ulizeni pia mapema kuhusu kupandikizwa ini, hata kama jibu litakuwa bado. Dawa mpya za ini la mafuta zilizoidhinishwa Marekani kuanzia mwaka 2024 ni za wale ambao bado hawajafika kwenye sirosisi, kwa hiyo mkisikia habari zake msikimbilie kuzinunua kwa ajili ya mama.

Nije kwenu watoto. Kuogopa, hapana, kupimwa, ndiyo. Utafiti mdogo uliotolewa mwaka 2017 kutoka San Diego uliwapima ndugu wa damu wa karibu wa wagonjwa waliopata sirosisi kwa njia hii, ukakuta hatari yao ya kuwa na makovu makubwa ni takriban mara 12 ya watu wengine. Sehemu ya sababu ni maisha ya pamoja, sehemu ni urithi: tangu 2008 tunajua kuna badiliko kwenye jeni moja, PNPLA3, linalofanya ini la mtu lishikilie mafuta hata kama si mnene. Kwa hiyo yule mwembamba kati yenu asijitoe kwenye foleni.

Pimeni kiuno, presha, sukari ya asubuhi, mafuta ya damu, AST, ALT na chembe sahani, kisha mpige ile hesabu ya FIB-4. Kwa aliye chini ya miaka 35 haiaminiki, huyo apimwe ugumu wa ini moja kwa moja kama ana kisukari au kitambi. Atakayekutwa na mafuta na uzito uliozidi ana nafasi ambayo mama hanayo tena. Huko Cuba, wagonjwa 293 walifuatiliwa mwaka mzima wakibadili chakula na mazoezi tu, na matokeo yakatoka mwaka 2015: kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu makovu yalirudi nyuma. Walioweza kufika huko walikuwa wachache, sitawaficha, ila hata asilimia 7 inapunguza uvimbe kwa wengi. Kahawa msiiogope. Wanaoinywa mara kwa mara wameonekana kuwa na makovu machache ya ini, ilimradi msiijaze sukari.